Picha Kumi na Nne za Mume Wangu

Mume wangu alikuwa dereva wa shirika moja lenye ofisi hapa mjini, na kwa miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumwona akimpita mama mwenye mzigo bila kupunguza mwendo. Shirika lilikataza kupandisha watu. Yeye alisema hapandishi watu, anapandisha mihogo, ila mwenye mihogo hawezi kuachwa barabarani wakati mihogo yake inakwenda. Alirudi nyumbani jioni na vumbi la njia ya Walungu masikioni, na nyuma ya gari mlikuwa na majani ya migomba na manyoya ya kuku wa watu asiowajua hata kwa sura.

Gari lilipinduka naye kwenye miteremko ya Ngomo, akitoka Luvungi. Mvua ilikuwa imekula nusu ya njia. Lori lililokuwa linashuka lilikuja upande wake, naye akachagua kugonga ukuta wa mlima badala ya kwenda bondeni. Watu wawili aliokuwa nao walitoka na michubuko. Yeye alivunjika mgongo sehemu mbili.

Baada ya miezi ya kulala, daktari alituketisha wote wawili akasema, "Atatembea. Kila siku atembee kidogo, asikae sana. Lakini kuendesha gari, kubeba, kuinama, ile imekwisha." Mume wangu aliuliza kama anaweza walau kubeba ndoo ndogo ya maji. Daktari akatikisa kichwa. Nakumbuka alivyoitazama mikono yake, akaigeuza, kama mtu anayetafuta mahali ilipovunjika.

Shirika lilikuwa limewaandikisha wafanyakazi wake kwenye kampuni ya asiransi, yaani bima. Maadamu hawezi kazi, kampuni ingempa kila mwezi sehemu ya mshahara wake. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimezoea karatasi, kwa hiyo dosye ya maombi niliijaza mimi. Kulikuwa na swali: je, mgonjwa anaweza kutembea peke yake? Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Jibu la kweli lilikuwa kwamba inategemea siku. Siku nzuri alivaa korse yake ya mgongo, akatoka barzani, akafika getini, hata kanisani alifika kwa kupumzika mara mbili njiani. Siku mbaya alilala akiuma shuka, nami nikamgeuza kama mtoto mchanga. Siku moja nzuri aliilipia kwa mbili mbaya. Hapakuwa na kisanduku cha maneno hayo. Niliweka alama kwenye hapana, na daktari akatia sahihi.

Tunakaa Kadutu, pale ambapo nyumba zimepandana mlimani na paa la mmoja liko chini ya miguu ya mwingine. Juu ya parsele yetu, kiwanja chetu, alikaa mama mmoja mjane, anayeuza sambaza, dagaa wa ziwani, sokoni. Dirisha la jiko lake linatazama uani kwetu. Siku mbaya, nikishindwa kumgeuza mume wangu peke yangu, nilimwita kupitia dirisha hilo, naye akashuka na mikono yake inanuka samaki, akashika mabega nami nikashika miguu. Alikuwa akiniita yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, ingawa sidhani kama nimempita sana kwa umri.

Kiangazi cha mwaka ule alikuja mtu wa kuuza mainite ya simu, yaani muda wa maongezi, mbele ya geti letu. Aliweka mwavuli, meza ndogo na jiwe la kukalia. Alikuwa mtu mzima, wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi kisichoisha. Mume wangu akampenda. Siku nzuri alijikokota hadi pale, akanunua mainite asiyohitaji ili apate kuzungumza na mtu mwingine zaidi yangu. Walizungumza habari za barabara. Kumbe yule mtu naye aliwahi kufanya kazi ya gari zamani, au ndivyo alivyosema.

Kila asubuhi, nikitoka kwenda shule, niliwasikia.

"Jambo papa. Uko muzuri leo?"

"Niko muzuri, ndugu yangu. Mungu iko."

Mtu atajibu nini kingine? Kwetu mtu akikusalimu njiani huwezi kumfungulia maumivu yako yote. Unasema uko mzuri, kisha unaingia ndani kuumwa.

Mama mkwe wangu alifariki Nyangezi mwishoni mwa kiangazi hicho. Tulimlaza mume wangu kwenye godoro nyuma ya gari la kukodi, na kwa kila shimo la njia alikaza mikono kwenye chuma cha kiti. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Wakati wa kufukia kaburi ulipofika, mdogo wake alimzuia.

"Yaya, acha. Tutakufanyia."

"Ni mama yangu," akasema. "Munipe."

Wakampa beleshi. Alimwaga udongo mara moja, akamwaga mara ya pili. Mara ya tatu hakuuinua, aliusukuma tu ukadondoka wenyewe. Kisha akakaa chini, pale pale penye udongo mbichi, na suruali yake ya Misa. Tulitoa mlango wa jiko, tukamlaza juu yake, tukamwingiza katika nyumba ya mama yake. Alilala siku tisa kwenye kitanda cha marehemu. Hakuweza hata kukaa kwa ajili ya kunywa uji.

Yule mtu wa mainite alikuja kwenye maziko. Nilimwona kati ya migomba, simu imeinuliwa juu, kama wengine wengi, kwa maana siku hizi kila maziko yana watu wa kupiga picha. Aliponishika mkono akasema, "Pole sana, maman." Nilimshukuru kwa kutoka mbali namna ile. Mimi mwenyewe nilimpakulia bugali na maharagwe, nikamwongezea.

Wiki chache baadaye kampuni ilituandikia kwamba malipo yamesimamishwa, tufike ofisini. Tulifika. Alitupokea mama wa rika langu, mwenye sauti ya adabu, akamtafutia mume wangu kiti chenye mgongo. Kisha akageuza kompyuta ituelekee.

Zilikuwa picha kumi na nne.

Mume wangu getini. Mume wangu anapanda ngazi za kanisa, mkono mmoja kwenye chuma. Mume wangu uani, amevaa singlendi, ameinua mikono kuanika taulo, picha imepigwa kutoka juu. Mume wangu amesimama karibu na mwavuli, kichwa ameangusha nyuma, anacheka hadi meno ya mwisho yanaonekana. Hiyo niliitazama kuliko nyingine. Tangu ajali sikuwa nimemwona akicheka vile, wala sikujua kwamba bado anaweza. Nilitaka kumwomba yule mama anipe nakala, na nikaona haya kwa kuwaza hivyo.

Ya mwisho ilikuwa ya kaburini. Beleshi liko hewani, udongo umejaa, mgongo wake umeinama. Hapakuwa na picha ya mlango wa jiko.

"Ile ilikuwa maziko ya mama yangu," mume wangu akasema.

"Naona, papa. Pole." Yule mama alitazama meza. "Lakini kwenye dosye mumeandika hapana. Na hapa kuna rapoti." Akasoma kwa Kifaransa, kisha akatueleza: mwenye asiransi amesema mwenyewe, mara nyingi, asubuhi tofauti, kwamba yuko mzuri.

Mume wangu aligeuka akanitazama. Hakuelewa.

"Wanasema ulisema uko mzuri," nikamwambia.

"Nilisema wapi?"

"Ukisalimiwa."

Kisha akamuuliza yule mama, bila hasira, kama mtu anayetaka kujifunza: "Sasa nilipashwa kujibu nini?"

Yule mama akaigeuza kompyuta irudi upande wake. Tulishuka ngazi polepole, nami nikatazama nyuma kuona nani anatutazama tukishuka.

Nilikuwa na picha moja tu kichwani, ile ya taulo, iliyopigwa kutoka juu. Juu yetu kuna dirisha moja. Nilimwacha mume wangu barzani, nikapanda kwa yule mjane. Alikuwa nje anasafisha sambaza, na wanawake wengine watatu walikuwa wanafua.

"Weye ndiye uliuzisha mume wangu!"

Alidhani nafanya mzaha. "Niuzishe nani, yaya?"

"Walikupatia ngapi? Dirisha yako ndiyo inaangalia kwetu. Foto imetoka huku juu!"

Maneno mengine niliyoyasema siyaandiki. Nilimtukana umaskini wake na ujane wake. Yeye alisimama, samaki wakaanguka kutoka mapajani, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. "Nilimushikaka mabega, yaya. Na hii mikono." Wale wanawake waliacha kufua. Kesho yake dirisha lile lilikuwa limepigiwa ubao.

Avoka mmoja, wakili anayesaidia watu wa parokia, alikubali kutuandikia barua ya kukata rufaa, na ni yeye aliyepata rapoti nzima. Ilieleza wapi kila picha ilipigwa. Ile ya taulo ilipigwa kwenye ngazi za kupitia watu wote, upande wa nyuma wa nyumba ya mjane, mahali anapoweza kusimama yeyote. Picha nyingine, ukiacha za kanisani na kaburini, zilipigwa mbele ya geti, kutoka mahali pamoja. Avoka aliuliza, "Ni nani alikuwa anakaa pale?"

Nilirudi nyumbani nikatazama. Mwavuli haukuwepo, meza haikuwepo. Sikuwa nimeona siku alipoondoka.

Nilitegemea mume wangu atalaani. Alisema tu, "Alikuwa anakohoa vibaya, ule mutu. Naye alikuwa anatafuta bugali." Halafu akaongeza: "Lakini tulikuwa tunaongea muzuri."

Kwa mjane sikupanda kuomba radhi. Nilisema nitakwenda Jumapili, Jumapili ikapita. Nilipokutana naye njiani nilijifanya natafuta kitu mkobani. Aibu ina uvivu wake. Kila siku unayoichelewesha inakuwa nzito zaidi ya jana.

Badala yake nilianza kumlinda mume wangu. Ndivyo nilivyokuita wakati ule. Avoka alikuwa amesema tuwe waangalifu mpaka rufaa isikilizwe, nami nikayachukua maneno yale nikayafanya sheria ya nyumba. Nilishona pazia zito la barzani. Nilimkataza geti. Nilimkataza kanisa, nikamwomba padri amletee komunyo nyumbani. Hata kwenda chooni uani nilimpa fimbo mbili, siku nzuri na siku mbaya sawasawa. "Usicheke na mlango wazi," nilimwambia. "Usiinue mikono. Wanatuangalia."

Alitii. Huyu mtu aliyekuwa akibishana na mapolisi wa barabarani mpaka wanacheka, alinitii kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mtu akipita nje akapaza sauti, "Papa, uko muzuri?" yeye aligeuka kwanza kunitazama usoni, kujua ajibu nini. Nami nilitikisa kichwa. Baadaye watu waliacha kuuliza.

Daktari alikuwa amesema atembee kila siku. Nilikumbuka. Sitaki kudanganya hapa kwamba nilisahau. Nilijiambia: rufaa ikiisha atatembea, miezi miwili si kitu. Ikawa miwili, ikawa minne, ikapita.

Binti yetu ameolewa Walungu. Alikuja na mtoto wake wa kwanza, wa wiki sita, amemfunga mgongoni kwenye kitenge kipya. Ilikuwa siku nzuri. Niliijua kwa jinsi mume wangu alivyokuwa amekaa. Binti alimfungua mtoto, akainama mbele ya baba yake.

"Papa, angalia mujukuu wako. Umubebe."

Mume wangu alinyoosha mikono. Nilikuwa natoka jikoni na sinia. Niliona pazia limefunguliwa, niliona njia, niliona watu wanapita, na nikapiga kelele.

"Acha! Mulango iko wazi!"

Aliishusha mikono mara moja. Aliiweka juu ya magoti, viganja chini. Mtoto alishtuka akaanza kulia. Binti yangu alinitazama kwa macho ambayo mama hapendi kutazamwa nayo na mtoto wake.

Nilifunga mlango, nikavuta pazia, nikasema, "Sasa. Mubebe sasa."

"Hapana," mume wangu akasema. "Acha tu."

"Papa, mama amefunga."

"Acha, mutoto wangu. Ataanguka. Mikono yangu haiko na nguvu."

Mtoto wa wiki sita! Kuku wawili wana uzito huo. Binti alirudi Walungu siku ya pili, wakati alikuwa amesema atakaa wiki nzima.

Mwishowe kampuni ilimtuma daktari mwingine, wa mji mwingine, aje kumpima upya. Alikuwa mzee mwenye vidole baridi, hakusema mengi. Alizungushia utepe wa kupimia kwenye paja moja, akaandika, akazungushia paja la pili, akaandika. Ngozi ilikuwa imelegea juu ya mfupa kama soksi kubwa. Mimi nilimwogesha mume wangu kila siku, na nilikuwa sijaona, au nilikuwa nimeona.

"Simama, muzee," daktari akasema.

Mume wangu alikisukuma kiti kwa mikono ili ajiinue. Hakusimama.

"Tangu lini hatembei?"

Nilitaja mwezi. Daktari alitazama karatasi za zamani, akatazama miguu. "Huku wameandika alikuwa anatembea mpaka kanisani. Nani alimukataza kutembea?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akanitangulia.

"Hakuna mutu, docteur. Nilichoka tu."

Ndivyo tulivyoshinda. Barua ilikuja shuleni, maana ndiyo anwani niliyoandika. Niliifungua kwenye ukumbi, wanafunzi wakipita huku na huku. Ilisema mgonjwa ametambuliwa kuwa hawezi kazi kabisa na hawezi kutembea, na kwamba malipo yataanza tena. Kila neno lilikuwa kweli. Mwaka uliopita, nilipoweka alama kwenye hapana, lilikuwa nusu ya kweli. Sasa lilikuwa limekamilika, nami ndiye niliyelikamilisha, kwa pazia na kwa kelele. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alinikuta nimeegemea ukuta akadhani ni furaha. Akanipongeza.

Malipo yalikuja kwa muda, mpaka vita ilipofika mjini na ofisi ile ikafunga milango yake kama ofisi nyingine nyingi. Yule mama wa kompyuta nasikia alivuka mpaka na watoto wake. Simwombei mabaya.

Siku niliyopokea barua ndiyo siku nilipopanda kwa mjane. Sikuwa na hotuba. Nilisimama mlangoni kwake nikasema, "Haikuwa weye." Alikuwa anapanga sambaza kwenye ungo. Aliendelea kupanga.

"Najua haikuwa miye," akasema.

Nilisubiri. Baada ya muda akasogeza kigoda kwa mguu, bila kunitazama, nami nikakaa. Dirisha amelifungua sasa, lakini haniiti yaya tena. Ananiita madame, kama wanafunzi wangu.

Anakuja bado, tukimhitaji. Tulijaribu kumsimamisha mume wangu, yeye upande mmoja nami upande mwingine, kama alivyoagiza mtu wa mazoezi ya viungo wa hospitali. Hatua mbili, tatu, mpaka mlangoni. Pazia nilikuwa nimelichana nikalifanya matambara. Geti nililiacha wazi makusudi. Lakini akifika penye mwanga wa nje miguu yake hukataa, naye huomba kurudishwa.

Juzi tulikuwa wawili tu. Nilimwambia, "Jaribu peke yako. Kidogo tu. Niko hapa, ninakuangalia."

Alishika mikono ya kiti. Jasho lilimtoka puani. Kisha akalegea, akafumba macho.

"Geuka," akasema.

"Nigeuke kwa nini? Ukianguka je?"

"Geuka, nakuomba. Hata weye, usiniangalie."

Niligeukia ukuta. Niliusikia mti wa kiti ukilia, nikasikia pumzi yake ikipanda, halafu kimya. Kiti kikalia tena. Nilihesabu mistari ya rangi iliyobanduka ukutani, sikugeuka, hata pale nilipojua kwa sauti kwamba amekaa. Nilibaki nimempa mgongo mpaka yeye mwenyewe aliponiambia niende nikaangalie maharagwe, yanaungua.